Tumechanja Newcastle, mbona kuku wanakufa?



Katika mikutano ya koperative lalamiko hili halikosi: "Tulichanja kuku juu ya Newcastle, lakini wanakufa tu." Mara ingine chanjo ilipigwa na jua ikaharibika. Lakini mara ingine chanjo ilikuwa nzuri. Ni mwili wa kuku ndio haukuweza kuitumia. Tuone sababu.

Ndani ya mwili wa kuku kuna chembe za ulinzi. Zinafanya kazi kama koperative: hakuna anayejiamulia peke yake.

- Mlinzi: anameza virusi, kisha anaonyesha wengine kipande chake.
- Kapita (chembe T): anakitambua kile kipande na kutoa amri. Chembe T zinakomaa katika tezi zilizo kando ya shingo.
- Fundi (chembe B): akipata amri anaongezeka na kutengeneza kingamwili, silaha ya kunasa virusi. Mafundi wanakomaa katika bursa, kifuko kidogo kilicho ndani, juu ya mkundu. Kazi ya bursa ilijulikana mwaka 1956 kwa utafiti wa Bruce Glick na wenzake kule Marekani. Herufi B inatoka hapo.
- Mtulizaji (chembe T ya aina ingine): anazuia wenzake wasizidishe. Bila yeye, ulinzi unaweza kuumiza mwili wenyewe.

Sasa, virusi vya Gumboro vinaua hasa chembe B ndani ya bursa. Kifaranga akiambukizwa mbele ya majuma 3, anaweza asionyeshe ugonjwa. Munamuona anakula, anatembea, kumbe mafundi wamekwisha. Siku munamchanja Newcastle, kapita anatoa amri, lakini wa kuifanya ni wachache sana.

Tufanye nini?

1. Mumuulize veterineri siku ya kuchanja Gumboro. Kifaranga anarithi kingamwili ya mama kupitia yai. Mukichanja ingali nyingi, inaua chanjo. Mukichelewa, ugonjwa unatangulia.
2. Mutoe mavi na matandiko ya zamani, mukasafishe kibanda, mbele ya kuingiza vifaranga vipya. Virusi hivi vinakaa miezi mingi.
3. Musichanganye vifaranga na kuku wakubwa.
4. Kuku mgonjwa asichanjwe.

Ya kuzungumza katika kikundi: kwetu, kuku waliokufa baada ya chanjo, walichanjwa Gumboro? Siku gani?