Mguu Ukivimba, Mweleze Daktari na Habari za Vidonda

MGUU mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa na joto, daktari hushuku kwamba damu imeganda ndani ya mshipa. Kwa kawaida mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini. Lakini kuna wagonjwa ambao dawa hiyo peke yake haiwatoshi, na baadhi yao inaweza kuwaua.

Hao ni wenye ugonjwa wa Behçet. Jina hilo ni la Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul, Uturuki. Mnamo 1937 alieleza dalili tatu zinazoandamana: vidonda vya mdomo vinavyopona na kurudi, vidonda sehemu za siri, na macho kuvimba kwa ndani. Ugonjwa huu hupatikana zaidi kuanzia Uturuki hadi Japani. Kwetu ni nadra, hivyo ni rahisi kusahauliwa. Tena vidonda vya siri huweza kudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa, na mgonjwa akaona haya kuvitaja.

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, hugeuka ikashambulia kuta za mishipa ya damu. Ukuta ukishavimba, damu hugandia papo hapo na donge likaushikilia kwa nguvu. Vijana wa kiume ndio huathirika zaidi.

Kwa hivyo tiba hulenga kuituliza kinga hiyo, kwa steroidi pamoja na dawa kama azathioprini. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa 2018 unaruhusu kuongeza dawa ya kuzuia damu kuganda, mradi mgonjwa hayuko katika hatari kubwa ya kuvuja damu, na mishipa ya mapafu imechunguzwa kwanza.

Uchunguzi huo una maana. Ateri ya mapafu iliyodhoofishwa na Behçet hutuna kama tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi kuukuu. Ikipasuka, mgonjwa hukohoa damu, na ikiwa damu yake imezuiwa kuganda, ni vigumu kuikomesha.

Vidonda vya mdomo peke yake visikutie hofu. Watu wengi huvipata. Bali vikiwa vinarudi mara kwa mara, na sasa mguu umevimba, mweleze daktari yote, hata yale ya aibu. Anayekohoa damu akimbizwe hospitalini siku hiyo hiyo, na dawa zake zote azibebe akazionyeshe.