Kabureta Iliyofanywa Upya: Jinsi ya Kuipatanisha

Malori mengi ya siku hizi hutumia dizeli, wala hayana kabureta. Lakini malori ya zamani ya petroli yangaliko, na mwenye lori la namna hiyo akaaye Lopur, karibu na Kakuma katika nchi ya Turkana, yampasa kuijua kazi hii vema. Toka Lodwar mpaka Kakuma ni kilomita zipatazo 120, nchi ya jua kali na vumbi. Injini ikizimika katikati ya safari, dereva na abiria huweza kuishiwa maji.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo kama 15 za hewa. Petroli ikizidi, moshi mweusi hutoka na fedha hupotea bure. Hewa ikizidi, injini hupata moto kupita kiasi, na valvu zaweza kuungua.

Kabureta ikisha kufungwa mahali pake, fundi asikimbilie bisibisi. Kwanza atazame plagi, platini, na gasketi iliyo chini ya kabureta, maana hewa ikipenya hapo, kazi yote ni bure. Boya nalo liwe limewekwa kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Kisha skrubu ya mchanganyiko ikazwe polepole mpaka iguse tu, halafu ilegezwe mzunguko mmoja na nusu. Isikazwe kwa nguvu, kwani ncha yake huharibika. Injini iwashwe mpaka ipate moto sawasawa, na choki iwe wazi kabisa. Sasa skrubu ikazwe kidogo kidogo mpaka injini ianze kusitasita; kisha ilegezwe mpaka itulie, na kuendelea mpaka isitesite tena. Mahali pake ni katikati ya hapo pawili, injini inapozunguka upesi na kwa ulaini. Ndipo mwendo upunguzwe kwa skrubu ya pili, na ile ya kwanza ijaribiwe tena.

Lakini skrubu hiyo hufaa injini inapozunguka polepole tu. Lori likivuta mzigo, petroli hupimwa na jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu dogo. Hapa ndipo wengi hukosea. Kitale iko mita kama 1,900 juu ya bahari, na Lodwar kama 500 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, ya chini ni nzito zaidi. Jeti ndogo iliyochaguliwa Kitale huenda isitoshe Turkana.

Kwa hiyo dereva asiridhike na mlio mzuri wa karakana. Apakie mzigo, aende kilomita chache, azime injini, na ikisha kupoa afungue plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Masizi meusi maana yake petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Basi asiianze safari ya mbali kabla ya kutia jeti kubwa kidogo na kujaribu tena.