SOMO LA VIKUNDI: AKINA MAMA KATIKA MJENGO



Leo tuzungumze juu ya akina mama na kazi ya mjengo. Wako watakaosema hiyo si kazi ya mwanamke. Haya, piteni saiti yoyote hapa Voi asubuhi mtazame ni nani anabeba maji, ni nani anajaza mchanga kwenye karai. Akina mama wako, tena tangu zamani. Hata katika Biblia, kitabu cha Nehemia sura ya 3 aya ya 12, tunasoma kwamba Shalumu alijenga sehemu yake ya ukuta wa Yerusalemu pamoja na binti zake. Swali letu ni lingine: mbona mama aliyebeba karai mwaka juzi bado anabeba karai, na kijana walioanza siku moja ameshashika mwiko na analipwa pesa ya fundi?

Tumewauliza akina mama wa Sagalla wanaoteremka Voi kutafuta vibarua. Hawakusema kazi ni nzito. Walisema, "Sina mtu." Ni kweli. Kazi hizi hazibandikwi ukutani. Fundi akipata kazi humwita ndugu yake, au yule waliyefanya naye saiti ya mwisho. Vijana hukaa pamoja jioni wakajua kesho msingi unachimbwa wapi. Saa hiyo mama yuko njiani anapanda mlima, watoto wanamngoja, kuni bado. Habari zitamfikia vipi?

Basi kikundi ndicho kiwe huyo "mtu" wake. Wazee wetu wanakumbuka vikundi vya mabati vya akina mama wa Mkoa wa Kati, miaka ya 1960. Walichangishana, wakaezekeana nyumba moja baada ya nyingine. Sisi tuna mizunguko yetu ya kila mwezi. Mzunguko mmoja usiende kwenye sufuria, uende kwenye karatasi ya mwenzetu mmoja.

Karatasi gani? Kuna mtihani wa gredi wa mamlaka ya serikali iitwayo NITA: uashi, useremala, mabomba, rangi, umeme na kazi nyingine. Unaanzia gredi 3, halafu 2, halafu 1. Wengi hudhani ni wa waliosoma chuo tu. Sivyo. Aliyejifunza kwa mikono yake saiti anaweza kujiandikisha, akapimwa kwa kazi yenyewe. Akishapata cheti, aende kwa mamlaka ya ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, aandikishwe kuwa fundi. Nyapara asiyemjua mama huyu hana haja ya kuuliza yeye ni wa nani. Ataona cheti.

Lakini mtu hapimwi kwa kubeba maji. Lazima awe ameshika mwiko, timazi na pima maji mpaka mkono uzoee. Hapa ndipo vikundi vyetu hulala. Kigango kikijenga choo, au kikundi kikijenga stoo au tangi, tunaita fundi na vijana wake, na akina mama tunawaweka jikoni! Elewaneni na fundi kabla ya kazi kuanza: wanawake wawili wapange mawe na wapige lipu chini ya macho yake. Akimaliza, awaandikie barua ya kazi waliyofanya. Kila mmoja awe na daftari: saiti, tarehe, kazi, jina la fundi na simu yake. Na anayepanda akubali mbele ya kikundi kwamba akiitwa kazi ataita wawili wa kwao.

Tuseme na lile linalofichwa. Kuna wasimamizi wanaodai mwili wa mama kabla ya kumpa kibarua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza. Aliyepatwa asilaumiwe na wenzake. Mwenyekiti afuatane naye kushtaki. Tena ni heri kwenda saiti wawili wawili.

Juu ya zabuni za serikali, sheria ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila cheti cha kikundi peke yake hakiwapi ruhusa ya kuchukua kazi ya kujenga. Mkandarasi lazima awe ameandikishwa na NCA. Anayewaambia vingine na anataka pesa mbele, mwacheni aende zake.

YA KUJADILI

Katika kikundi chenu, nani amewahi kufanya kazi saiti, na kazi gani? Waume wanasemaje, na nani atazungumza nao? Ni jengo gani litajengwa mwaka huu Kajire, Teri au kwenu, na fundi wake ni nani? Kabla ya mkutano ujao, wawili waende wakaulize ada ya mtihani wa gredi 3 na tarehe za kujiandikisha, waje na jibu lililoandikwa.