Unga wa Mawe Katika Ziwa Peyto

Likizo iliyopita nilibahatika kumtembelea mjomba wangu aishiye Calgary, nchini Kanada. Siku moja tulifuata kwa motokaa njia ya milimani itokayo Lake Louise kwenda Jasper, yapata kilomita 230. Kulia milima, kushoto milima, na barafu juu yake, nao ni mwezi wa Agosti!

Njiani tuliiacha motokaa, tukapanda kwa miguu katikati ya misonobari. Mara tukaliona Ziwa Peyto chini yetu, lenye umbo la kichwa cha mbwa mwitu na rangi ya feruzi. Mtoto mmoja akauliza ni nani aliyetia rangi majini. Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa zuri.

Juu ya ziwa hilo uko mto wa barafu, usogeao polepole mno. Kwa uzito wake huusaga mwamba ulio chini, kama jiwe lisagavyo mtama. Unga wake ni laini hata hauzami upesi. Maji ya kiangazi huuleta ziwani, ukaelea humo. Maji humeza mwanga mwekundu, na unga huturudishia buluu na kijani.

Wenzangu, jaribuni: tieni matone machache ya maziwa katika bilauri ya maji, mulikeni kwa tochi, mtazame kutoka ubavuni. Mtaona ubuluu kidogo. (Maziwa ya chai yetu ya bwenini yanafaa sana, kwani maji yamo tayari.)

Wataalamu wameupima mto huo wa barafu tangu miaka ya 1960, nao umepungua sana. Ukiisha, kusaga kutakoma, unga utatua chini, na feruzi ile itatoweka.