Homa Ukiwa Ugenini

Wazazi wa Utemini, binti anapokwenda Ujerumani kuishi na familia na kuwatunzia watoto kwa mwaka mmoja, mwambieni jambo hili kabla hajafunga sanduku. Malaria huweza kusafiri naye. Vimelea hukaa kwanza katika ini, na homa huanza baada ya siku saba au hata wiki kadhaa. Kule watadhani ni mafua ya baridi, naye atajikaza asionekane mvivu. Asijikaze! Siku hiyohiyo amwone daktari, aseme: “Nimetoka Tanzania, nipimwe malaria.” Gharama zisimtishe, familia mwenyeji ndiyo inayomlipia bima ya ugonjwa, ajali na uzazi. Mwenye pumu abebe dawa zake mkobani, pamoja na barua ya daktari.