Vitamini D: Chupa ya Dukani na Jua la Dodoma

Vidonge vya vitamini D huuzwa kwa ahadi nono: mifupa imara, moyo mzima, uzee usio na maradhi. Kabla ya kutoa fedha, familia ijiulize kama mzee wao anapungukiwa na kile kilichomo kwenye chupa. Vitamini hii hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, na jua ndilo lisiloadimika huku kwetu uwanda wa kati, hata mwaka ambao mvua imegoma. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliopima damu za Wamasai na Wahadzabe 60 wa hapa Tanzania. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali wataalamu wengi huridhika na 50. Wala si watu wa kujianika juani. Wakipata kivuli jua likiwa kali, hukaa kivulini.

Atatokea wa kusema hao ni wafugaji na wawindaji, ila mama yetu wa Area C, hapa Dodoma, ana miaka 70 na anashinda sebuleni. Hoja hiyo ina uzito: ngozi ya mzee hutengeneza vitamini kidogo kuliko ya kijana, na ngozi nyeusi huhitaji jua la muda mrefu zaidi. Lakini basi mama atolewe kiti uani kwenye saa nne asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi. Ama kidonge chenyewe, kimepimwa vya kutosha. Marekani watu 25,871, wanaume wa miaka 50 na kuendelea na wanawake wa 55 na kuendelea, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walimeza yuniti 2,000 kila siku kwa miaka mitano hivi, nusu wakapewa kidonge kitupu. Saratani, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya mifupa: waliovunjika walikaribiana pande zote mbili. Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wazungu, maana Wamarekani weusi zaidi ya 5,000 walikuwemo.

Wengine hujitetea kwamba hata kisiposaidia hakidhuru. Si kweli kwa kila kipimo. Australia, wanawake wa miaka 70 na zaidi walipewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka. Matokeo yaliyotoka 2010 yalionyesha wameanguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao wasiopewa. Wapo wanaokihitaji kweli: mgonjwa wa figo, aliyelala kitandani miezi, anayetumia dawa za kifafa kwa muda mrefu. Hao waandikiwe na daktari, tena kwa kipimo chake. Kwa mzee mwenye afya, bei ya chupa moja iende kwenye karanga za kuunga mlenda, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, wakisagwa kama meno yamekwisha. Fedha itakayobaki impeleke zahanati akapimwe presha.