Kilimanjaro kwa Njia ya Marangu: Siku Sita, Zisipungue

Wengi wanaotaka kupanda Kilimanjaro huanza na bei. Hupiga simu Moshi, huulizia kampuni tatu nne, kisha huchagua safari ya siku tano kwa sababu ni nafuu kuliko ya siku sita. Safari nyingi huharibikia hapo, kabla mtu hajafunga hata kamba za viatu. Siku iliyopunguzwa ndiyo ambayo mwili ungeitumia kuzoea hewa nyepesi, na ukishafika juu hakuna duka la kuinunua.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Pale mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa, kwa hiyo kila pumzi anayovuta mtu inaingiza karibu nusu ya oksijeni aliyoizoea. Mwili unaweza kujirekebisha, lakini unataka muda. Ndiyo maana vijana wenye misuli, wakimbiaji na wachezaji mpira, mara nyingi hurudishwa chini huku mama wa miaka 55 aliyekwenda taratibu akipiga picha kwenye ubao wa kileleni.

Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye nyumba za kulala. Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe zote ni za mahema. Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayepanda kwa mara ya kwanza, Marangu ina mengi mazuri: mvua ikinyesha analala pakavu, ana kitanda na godoro, na geti liko safari fupi tu kwa gari kutoka Moshi. Kasoro yake ni kwamba mtu hupanda na kushuka kwa njia ile ile, na kwamba imebandikwa jina la njia ya Coca-Cola, kana kwamba ni ya kujiburudisha. Jina hilo limewaponza wengi. Usiku wa mwisho wa Marangu si mwepesi kuliko wa njia nyingine.

Kuhusu majira, miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia ya msituni kuwa tope na kuleta theluji juu. Novemba kuna vuli. Watanzania wengi hupenda kupanda wakati wa sherehe za Uhuru, tarehe 9 Desemba, kwa kumbukumbu ya Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha Mwenge na bendera kileleni mwaka 1961. Ni siku yenye uzito wake, ila anayeichagua afungashe koti la mvua la uhakika.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio kwa shilingi, na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa mbali. Ili apate kiwango hicho lazima awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti mkononi. Hakuna anayeruhusiwa kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni.

Jambo la afya linalosemwa kidogo mno katika vipeperushi vya utalii ni selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipande mlima mrefu. Hata yule aliyerithi vinasaba kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini hajawahi kuumwa, anaweza kupata madhara ya bandama penye oksijeni kidogo. Katika ukanda wetu watu wa namna hiyo ni wengi, na wengine hawajijui. Kipimo ni cha damu tu. Kifanyike mapema, pamoja na kipimo cha shinikizo la damu, na daktari aulizwe pia kuhusu dawa ya Diamox, ambayo huwasaidia baadhi ya watu kuzoea mwinuko.

Vifaa vingi hukodishwa Moshi: koti zito, begi la kulalia la baridi kali, fimbo za kutembelea, tochi ya kichwani. Viatu visikodishwe. Mtu anunue vyake, avivae mjini wiki kadhaa mpaka vimkubali mguu. Chupi na fulana za pamba ziachwe nyumbani, kwa kuwa pamba ikilowa jasho haikauki, na jasho bichi kwenye nyuzi joto chini ya sifuri ni hatari. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na chupa za maji za kutumia mara moja hazipandi mlimani, hivyo kila mtu awe na chupa zake ngumu za kujazwa tena.

Getini, zaidi kidogo ya mita 1,800, kuna daftari la kusaini na mizani ya kupimia mizigo. Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Msafiri akae karibu na mizani hiyo atazame, maana mzigo unaopimwa ni pamoja na wa kwake. Hapo hapo kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller Oktoba 1889. Wenyeji wa Marangu watamtajia mgeni jina jingine pia, Yohani Kinyala Lauwo, mzaliwa wa huko anayetajwa kuwa kiongozi wa msafara ule. Kiongozi wa leo, anayemwambia mteja wake "dada, punguza mwendo", anafanya kazi ambayo watu wa Marangu wameifanya kwa vizazi.

Siku ya kwanza ni ya msituni hadi Mandara, mita 2,720. Mbega weupe na weusi huruka matawini, na njia ni pana. Ya pili hutoka msituni na kuingia nyika ya vichaka hadi Horombo, mita 3,720. Ni mwendo mrefu, lakini si mgumu.

Horombo ndipo safari inapoamuliwa. Wa siku tano hulala usiku mmoja na kuondoka. Wa siku sita hubaki. Siku hiyo ya tatu hupanda polepole hadi Mawe ya Pundamilia, mwamba wenye michirizi myeusi na myeupe, wakapumzika kidogo huko juu, kisha wakarudi kulala pale pale. Kupanda juu na kulala chini ndiko kunakoufundisha mwili. Njiani kuna senesio, mimea mikubwa isiyoota popote duniani ila kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Ukisogea karibu utaona kwamba majani yake makavu hayadondoki. Yamebaki yameshikamana na shina tabaka kwa tabaka, yakilikinga na baridi ya usiku. Bonyeza kwa kidole, ndani ni pakavu kabisa.

Kila jioni kiongozi atauliza maswali yale yale. Kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Umekunywa maji kiasi gani? Kumdanganya ni kujiumiza. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida. Mtu anayepepesuka kama mlevi, anayechanganyikiwa, au anayekohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, hali yake ni nyingine: ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji. Tiba ni moja, kushuka, na kushuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Kwa asiyeweza kutembea kuna machela yenye gurudumu moja, inayosukumwa na wapagazi.

Siku ya nne huvuka uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Baada ya mahali paitwapo Maji ya Mwisho hakuna tena chemchemi wala kijito. Maji yote yanayotumika kwenye nyumba ya Kibo, mita 4,720, ya chai, ya supu na ya kujaza chupa, yamebebwa na watu. Anayemwaga nusu kikombe cha chai kwa sababu imepoa afikirie hilo.

Chakula cha jioni huliwa mapema. Mnamo saa tano usiku watu huamshwa kwa chai na biskuti, na karibu saa sita safari huanza. Hutoka usiku kwa sababu changarawe na majivu ya volkano yakiwa yameganda yanakanyagika. Jua likipanda, kila hatua mbili za kupanda zinarudisha mtu moja. Mwendo ni wa zigizaga, mguu mmoja baada ya mwingine, taa za waliotangulia zikionekana juu ya kichwa. Chupa ibebwe imegeuzwa mdomo chini, kwani maji huganda kuanzia juu na mdomo ukizibwa na barafu mtu atabaki na kiu. Simu ikae kifuani, ndani ya koti, la sivyo betri itakufa kabla ya picha ya kwanza.

Saa hizo za kupanda usiku ndizo nzito kuliko zote. Wengi hutapika, wengi hulia, na hilo halimaanishi kushindwa. Ukingo wa kreta hufikiwa kwenye Gilman's Point, karibu mita 5,700, mara nyingi kunapopambazuka. Kutoka hapo hadi Uhuru ni saa moja na nusu au mbili, kupita Stella Point, barafu ikiwa upande mmoja. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Aliye na watoto angependa waione asichelewe. Juu pasikaliwe zaidi ya dakika 15 au 20. Siku hiyo hiyo kuna kushuka mpaka Horombo, na magoti ndiyo huumia zaidi wakati huo. Fimbo zinafaa kushuka kuliko kupanda.

Siku ya sita ni ya kurudi getini, kusaini daftari na kupokea cheti. Aliyefika Gilman's hupata chake, na aliyefika Uhuru hupata chake.

Linabaki la wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, na kweli ni wagumu. Hufika kambini kabla ya mteja wakiwa wameshabeba hadi kilo 20. Bakshishi itolewe hadharani, kila mmoja akabidhiwe fungu lake mkononi mbele ya wenzake, kiasi kikitajwa kwa sauti. Kumpa mtu mmoja fedha zote agawe mwenyewe ni kukaribisha manung'uniko. Na mwenye glavu, soksi nene au koti asilolihitaji tena mjini alitoe pale pale getini, kwa sababu kesho yake asubuhi wengi wao wanapanda tena na kundi jingine.